"Fungu langu kaka…": neno moja kwenye barua ya mama mkubwa

BARUA

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 51, nakaa Unguja. Mama yetu alifariki Mfungo Tano wa mwaka jana. Tulipogawa vitu vyake, mimi nilipata kopo la biskuti lililokuwa uvunguni mwa kitanda chake, limefungwa kwa upindo wa kanga. Ndani mna barua 37.

Ni barua za mama mkubwa, dada yake mama. Alitoka Unguja 1964 na mumewe, wakakaa Dubai, kisha 1971 wakahamia Maskati, kwa kuwa Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka mmoja kabla aliwaita Waomani waliokuwa nje warejee. Kuja kwetu alikuja mara moja tu, 1994, wiki mbili. Alifariki 2009. Kwa hiyo sisi watoto mama mkubwa tulimjua kwa barua. Ikifika, ya posta au ya mkono wa mtu, mama huepua chungu, akanawa, akaifungua kwa pini ya mtandio, maana zile karatasi nyembamba za buluu hukunjwa zikawa bahasha zenyewe, na ukizichana vibaya mstari mzima umepotea. Akishasoma hutuambia, "Mama yenu mkubwa anakusalimieni," basi, habari nyingine anabaki nazo.

Zimeandikwa kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu mama mkubwa alisoma chuo cha Kurani tu, skuli hakwenda. Mimi nimehitimu Kurani, herufi nazijua, ila barua hizi hazina irabu na mwandiko wenyewe ni wa haraka. Nimezisoma kama mtoto, neno moja moja, usiku watu wakilala. Nusu ya kila barua ni salamu tupu, nisalimie fulani, nisalimie na fulani, hata jirani wa mlango wa tatu. Hizo nimeziruka nikatafuta habari. Wala si zote ni habari za uzito. Kuna moja ya 1976 ndani yake mmechorwa kiganja cha mtoto kwa kalamu, vidole vitano, na chini ameandika jina la binti yake mchanga, "anakupungia mkono".

Barua iliyonikosesha usingizi ni ya Rajabu 1393, ambayo nimehesabu ni kama Agosti 1973. Bibi yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha nyumba Kikwajuni na watoto watatu: mjomba, mama mkubwa na mama. Mwisho wa barua, baada ya habari ya joto na bei ya samaki, mama mkubwa kaandika hivi: "Na fungu langu kaka aliliiba, basi nawe usilitaje tena."

Mshauri, mjomba ana miaka 88. Yumo katika nyumba hiyo hiyo pamoja na wanawe na wajukuu. Alinilipia mimi masomo baba alipougua. Tangu mama afariki, kila Ijumaa baada ya sala anapita kwangu na mkate wa ufuta ndani ya gazeti, anakaa kwenye baraza, anauliza watoto, anaondoka. Sasa akija nashindwa kumtazama. Mama naye fungu lake alilipwa, hilo najua kwa sababu cherehani yake aliinunua kwa pesa hizo. Kumbe mwenzake kadhulumiwa, naye akanyamaza miaka hamsini, akatuficha!

Baada ya Idi namwoza binti yangu. Mtoto wa mama mkubwa, yule wa kiganja, anakuja kutoka Maskati na nduguze wawili. Ameshaniandikia kwenye WhatsApp: "Dada, nimesikia zipo barua za mama, nipigie picha zote, nataka kuziweka kwa ajili ya watoto." Yeye Kiarabu ndiyo lugha yake ya shule. Mimi nilihangaika wiki nzima na mstari ule, yeye atausoma kwa mara moja.

Kaka yangu anasema ile moja niichome, thelathini na sita zinatosha. Mume wangu anasema barua ni za mama yao, nitoe zote na yatakayokuwa yawe. Mimi nina hamu ya kumwuliza mjomba mwenyewe, lakini ulimi hauinuki. Nikiificha nahisi mwizi, nikiitoa nahisi nimewasha moto katika harusi ya mwanangu. Nifanyeje?

Mwenye kopo, Unguja


JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba wa mama.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Una karatasi moja ambayo kwa ulivyoisoma inamfanya mzee uliyempenda kuwa dhalimu na mama yako kuwa mficha siri. Wanaokuja wana haki ya kuijua, na anayekaa nayo ana umri wa kuhurumiwa. Katikati kuna harusi. Yeyote angekosa usingizi.

Lakini kabla hatujafika kwa mjomba, hebu turudi kwenye neno lenyewe.

Uliposoma Kurani ulijifunza kwamba Kiarabu hakina p. Hakina v wala ch pia. Waswahili walioandika lugha yao kwa herufi hizo walifanya la kufanya: b ikabeba b na p, mara nyingi hata mb, f ikabeba f na v. Kwetu Mombasa tulikuwa na babu mdogo aliyehamia Lamu, akaandika kwamba siku hizi riziki yake anaipata kwa "kufua". Nyanya yangu alilia, ndugu yake amekuwa dobi wa watu! Ilichukua miezi mitatu mpaka msafiri alipokuja akamcheka: anavua, bibi, anavua samaki.

Sasa chukua kalamu uandike kwa herufi hizo neno "aliliiba". Halafu chini yake uandike "alilipa". Utie na irabu ukitaka, na ile herufi ye ya kuvuta sauti. Umeona? Kwa mwandiko wa mtu asiyetofautisha p na b, maneno hayo mawili ni neno moja. "Na fungu langu kaka alilipa, basi nawe usilitaje tena." Yaani kesha nilipa, usimsumbue.

Usinielewe vibaya, sikwambii kwamba ndivyo ilivyo. Mwalimu wa sarufi atakuja kusema kama angetaka kusema amelilipa fungu, angetia li nyingine, "alililipa", na ana hoja, ingawa watu wakiandika barua huku chungu kiko motoni hawamwulizi mwalimu wa sarufi. Kusema nyumba imelipwa na kusema imeibwa ni mbali kama Maskati na Kikwajuni, na wewe umekaa miezi na moja tu ya hizo mbili kifuani, ukimnyima mzee macho kila Ijumaa.

Kuna mambo unaweza kuyatazama mwenyewe bila kumwuliza mtu. Wapo waandishi, hasa wa Mombasa, waliotia nukta tatu chini ya be, yaani herufi ya b, ili p ijitenge. Mama mkubwa je? Mtafute anapoandika Pemba, au pole, au pesa. Kama Pemba yake ina nukta tatu na neno lile lina moja, basi usomaji wako umepata nguvu. Kama Pemba nayo ina nukta moja, hujui kitu, na kutojua huko ni afadhali kuliko ulichodhani unakijua.

La pili ndilo hasa ninalotaka ulifanye. Umeniambia umeziruka salamu. Mwanangu, umeruka barua! Katika barua za wazee wetu habari ilikuwa kipande kidogo, tena mara nyingi habari yenyewe alikuja nayo msafiri mdomoni. Salamu ndizo zilizokuwa kazi ya barua. Nani anatajwa wa kwanza, nani anatajwa kwa jina la mwanawe kwa heshima, nani anasalimiwa "yeye na waliomo nyumbani mwake" na nani anasalimiwa peke yake kwa neno moja kavu. Mtu akikosana na ndugu yake hakuandika "nimekosana naye", alimwacha nje ya salamu, na aliyepokea barua alielewa kabla hajafika ukurasa wa pili. Kwa hiyo zipange barua zako kwa tarehe. Mtafute kaka katika salamu za kabla ya Rajabu 1393, kisha mtafute katika zile za baadaye. Yumo? Ametoka? Alitoka akarudi? Alirudi mwaka gani? Barua 37 zina mengi ya kukwambia juu ya ndugu hao watatu kuliko mstari mmoja.

Hati hii yenyewe ya herufi za Kiarabu, ujue, ilimtegemea msomaji. Barua za Kiswahili za zamani kabisa tulizobakiwa nazo, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 na sasa ziko kwenye nyaraka za Goa, ni za namna hiyo hiyo: aliyeandika alimwandikia mtu ambaye nusu ya habari tayari anayo. Mama yako aliusoma mstari ule bila kusita hata kidogo, kwa sababu alikuwapo, alijua kama pesa zimepita au hazikupita. Wewe unaingia mazungumzo ya dada wawili kwa mlango wa nyuma, miaka hamsini baadaye.

Ndiyo maana nataka kukuuliza kuhusu neno ulilotumia, kwamba mama "aliwaficha". Dada yake mkubwa alimwandikia usilitaje tena. Hakulitaja. Ukisoma "alilipa", alinyamaza kwa kuwa hapakuwa na la kusema. Ukisoma "aliliiba", alinyamaza kwa kuwa mwenye haki alimwomba anyamaze. Kwa vyovyote alishika neno la dada yake mpaka kaburini, na barua hakuichoma, ingawa jiko lilikuwa hatua nne kutoka kitandani. Sijui umeliwaza hilo la mwisho? Aliiweka pamoja na kiganja cha mtoto na bei ya samaki.

Kuhusu cherehani umelitaja kama ushahidi dhidi ya mjomba, mama yako alilipwa na dada yake hakulipwa. Linaweza kuwa upande wa mjomba vilevile: mtu aliyemlipa dada mmoja alijua kwamba mirathi inagawanywa. Kwa watoto watatu hao, kama hapakuwa na mrithi mwingine, kwa mirathi ya Kiislamu nyumba ni mafungu manne, mjomba mawili na kila dada moja. Ila nami nisimtetee kupita kiasi. Dada aliye karibu hudai kwa macho kila siku, dada aliye ng'ambo ya bahari hudai kwa karatasi. Na miaka ile ya sabini kupeleka pesa kutoka Unguja hadi Maskati haikuwa kazi nyepesi hata kwa mwenye nia njema. Huenda alilipa kwa njia nyingine, huenda aliahidi, huenda alikaa akasahau mpaka kusahau kukawa kudhulumu. Yote yanatokea kwenye familia za watu wema.

Sasa njia zako. Ya kaka yako ya kuchoma naielewa, anataka harusi ipite salama. Lakini kaka yako anadhani kopo hilo ndilo peke yake. Mama yako alikuwa akipokea tu, hajibu? Kama alijibu, majibu yake yako wapi? Nadhani yako Maskati, katika kopo jingine, na huyo ndugu yako anayetaka picha pengine ameshayasoma. Inawezekana anakuja na jibu la mstari wako ndani ya mkoba wake na hajui kwamba wewe unalihitaji. Uchome barua moja, halafu akutolee ya mama yako ya mwezi unaofuata inayosema "nimepata barua yako ya Rajabu", utamtazama vipi? Na huyo ni mtoto wa mama mkubwa, ni dada yako, si mgeni.

Ya mume wako ina haki ndani yake. Karatasi ni ya aliyeandikiwa, imerithiwa na nyinyi, lakini jambo lililomo ni la aliyeandika, na wanawe ndio wanaosimama mahali pake. Kama lipo fungu halikulipwa, wenye kudai au kusamehe ni wao. Si kaka yako, si wewe, wala si mimi. Ninachokiogopa katika njia yake ni picha. Picha thelathini na saba kwenye simu zitafika kundi la ukoo kabla ya Magharibi, na ule mstari utakatwa peke yake, utazungushiwa duara jekundu, utasomwa London na Maskati na watu ambao Pemba ya mama mkubwa hawajaiona. Mwarabu wa shule ataona be yenye nukta moja atasoma b. Mjomba atalisikia kwa mjukuu. Hapo hata kama alilipa, nani atasubiri kusikia?

Na hii ya kumwuliza mjomba. Naona ndiyo inayokuvuta, na mimi moyo wangu uko huko nusu. Yeye ndiye pekee aliye hai katika wale watatu, naye hati hii anaisoma bila shida. Unaweza kumpa barua zile za salamu akusomee, siku ya Ijumaa, mkate ukiwa baina yenu. Lakini jiulize kabla: unamwomba akusomee, au unamtega utazame uso wake akifika kwenye mstari? Mzee wa miaka 88 mkono unamtetemeka hata akisoma bei ya samaki. Ukiutazama uso wake kama hakimu utaona hatia hata isipokuwapo. Kama utampelekea barua ile, mwambie mapema, "Mjomba, ndani kuna neno la nyumba, sikulielewa, na nimeogopa kukuuliza." Huenda akacheka. Huenda akanyamaza, na ikakubidi unyamaze naye mpaka chai ipoe. Huenda akasema ndiyo, aliliiba, na kwamba amekuwa akingoja mtu amwulize. Uko tayari kwa hilo la tatu? Kama hauko tayari kabla ya harusi, si lazima iwe kabla ya harusi. Lakini miaka yake nayo unaihesabu mwenyewe.

Ikitokea kweli kuna haki ya watu, na wenye haki wakataka kuizungumza, Unguja hamkosi pa kwenda. Kuna kadhi, na kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambao mirathi za zamani si ajabu kwao. Nalitaja ili ujue liko, nisikupeleke huko kwa sababu ya nukta mbili.

Wakati unafikiri, mjibu ndugu yako, usimwache hewani maana kimya chako ataanza kukisoma. Unaweza kumwambia ukweli mdogo usio na madhara: barua zipo, ni 37, karatasi zimechoka na hutaki kuzifunua funua kwa picha, akija mtakaa nazo pamoja, naye aje na za mama yako kama anazo. Huo si uongo, na unakupa wiki hizi. Usizitie plastiki za moto wala kuzibandika gundi ya utepe, watu wengi wameharibu barua za wazazi wao kwa mapenzi. Zilaze zimekunjuliwa kwenye karatasi safi, mbali na dirisha. Upindo wa kanga uuweke, nao ni wa mama.

Na Ijumaa hii mjomba akija, mpokee mkate kwa mikono miwili kama zamani. Hujamhukumu bado.

Siku watakayofika, wageni wakishapumzika, nadhani ningeanza na barua ya 1976. Mwite ndugu yako chumbani peke yake, mwekee mbele kile kiganja, aweke chake juu. Kisha mwambie akusomee salamu, zote, kwa sauti, bila kuruka hata jirani wa mlango wa tatu.

Ukipata Pemba ya mama mkubwa ina nukta ngapi, niandikie.